Kiti cha Arvid Juu ya Chemchemi

Kinyaa ndicho kilichonifanya nimjue Aili Rautio. Miaka mingi tulipika pamoja katika jiko la shule ya mji wetu, huku juu kwenye rasi ambako theluji hukaa mpaka Mei, na kule jikoni nilimjua tu kama mtu wa kusugua sufuria mara mbili na kunusa maziwa kabla ya kuyamimina. Msituni ndiko nilikomwona alivyo. Siku ya kwanza aliponichukua kwenda kupiga kambi kwenye kijito cha Hanka, hakushusha hema wala hakuwasha moto. Alivaa glavu za mpira, akachukua ndoo na fimbo yenye msumari kwenye ncha, akaingia nyuma ya misonobari kuokota uchafu wa watu waliotutangulia.

Nikamfuata, mjinga mimi. Nyuma ya kila mti mnene kulikuwa na karatasi za chooni, zimeloa, zimegandamana na kile zilichopangusa. Kulikuwa na nepi zimekunjwa vizuri na kupangwa juu ya kisiki, kana kwamba kuna mtumishi atapita kuzichukua. Kulikuwa na matumbo ya samaki ndani ya mfuko wa plastiki uliofura juani. Aili aliutoboa kwa ule msumari bila kukusudia, na harufu iliyotoka sitaisahau maadamu nina pua. Nilitapikia buti zangu mwenyewe. Yeye aliukaza mdomo wa mfuko, akautia kwenye ndoo, akaniambia, "Ukimaliza, fukia na mchanga, Verna. Siokoti na yako."

Ndivyo palivyo mahali pa bure. Msitu ule ni wa jimbo, hauna lango wala mlinzi wala mtu wa kukudai chochote. Unaingia kwa barabara ya mchanga yenye mashimo ya kumeza gurudumu, unachagua mahali unapopataka mradi pawe mbali na kambi rasmi zenye vyoo na bomba, unapigilia kadi yenye jina lako kwenye mti, basi, ni kwako kwa wiki mbili. Halafu unahama. Aili alikuwa akihamia ng'ambo ya kijito, anakaa huko, kisha anarudi, na hivyo ndivyo alivyoishi tangu theluji inapoyeyuka hadi msimu wa kuwinda kulungu. Mjini alikuwa na chumba juu ya duka la misumari na rangi, chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Hakukipenda na hakuficha.

"Kule nimeweka nguo tu," alisema. "Kuishi naishi hapa."

Lakini wako watu ambao mahali pa bure kwao ni mahali pasipo na mwenyewe, na pasipo na mwenyewe ni jalala. Nimeona pale godoro la watu wawili limetupwa na madoa yake yote. Nimeona kopo la mtoto la kunyea, limejaa, limeachwa katikati ya njia ambako lazima upite. Aili hakuwa na huruma na watu wa namna hiyo, na kwake wote walikuwa na jina moja tu, watu wa chini ya daraja. Rasi yetu imeungwa na sehemu nyingine ya jimbo kwa daraja refu, na kila baya tunaamini limevuka daraja hilo. Chupa ikionekana kijitoni, ya watu wa chini ya daraja. Gari likikwama kwenye tope, la watu wa chini ya daraja. Mvua ikinyesha Jumamosi, bila shaka wameileta wao.

Kilichomfunga Aili pale ilikuwa chemchemi. Baba yake, aliyekuwa mkata magogo, alichomeka bomba la chuma kwenye ukingo chini ya mwerezi, na tangu hapo maji yakatoka bila kukoma, baridi ya kuuma meno. Aili aliyaita maji ya baba. Aliyanywa, aliyapikia kahawa, aliyajaza kwenye madumu na kuyapeleka mjini, kwa sababu maji ya kule, alisema, yana ladha ya bwawa la kuogelea. Ukifika kambini kwake kitu cha kwanza ni kikombe cha bati chenye maji ya baba, naye anakusimamia mpaka umalize.

Mdogo wake, Arvid, naye alikuwa na fahari yake. Alikuwa fundi wa pikipiki za theluji, amestaafu, ana mvi na kitambi, na kila Julai alikuja kukaa mpaka majani yaanze kuanguka, na pikapu iliyojaa mpaka juu: hema la sauna, la kuogea mvuke, jiko la chuma, bia, marafiki wawili wanene kama yeye, na kiti. Kiti kile kilikuwa cha jikoni kwa mama yao, cha mbao, chenye mgongo. Arvid alikitoboa katikati kwa msumeno, akakipiga msasa mpaka kikawa laini, na kila mwaka alichimba shimo, akakiweka juu yake, akakizungushia turubai pande tatu. Upande wa nne aliuacha wazi kwa ajili ya mandhari.

"Mfalme gani ana choo kama hiki," alikuwa akisema. "Unakaa, unaona kijito chote. Unaona mpaka kulungu wakija kunywa. Unasahau hata kilichokuleta."

Ili uone kijito chote, lazima uwe juu. Miaka mingine alichimba mbali, upande wa barabara, lakini mwaka ule alipanda kilima cha mchanga kilicho nyuma ya mwerezi, akachimba pale. Sote tulimsifu. Tulipanda, tukakaa, tukatazama kulungu, tukashuka, tukachota maji, tukapika kahawa. Hakuna aliyejiuliza bomba liko upande gani wa kilima. Naandika haya na mate ya kichefuchefu yananijaa mdomoni.

Mwezi wa Agosti maji yakaanza kubadilika. Mimi ndiye niliyesema kwanza.

"Shoga, haya maji leo yana kitu."

"Yana chuma," Aili akajibu. "Chuma ni damu. Kunywa."

"Chuma hakinuki hivi."

"Ulimi wako umeungua na sigara, Verna. Maji ya baba hayajabadilika tangu nikiwa mtoto."

Tukaanza kuharisha. Kwanza mimi, kisha wale marafiki wa Arvid, kisha Arvid mwenyewe, ambaye alilaumu samaki wa kukaushwa kwa moshi. Aili aliharisha kimyakimya, maana hakutaka kukiri. Nilijua kwa namna alivyokuwa akiacha sentensi katikati na kupanda kilima kwa haraka. Tulikunywa maji mengi zaidi, kwani mwenye kuhara huambiwa anywe maji. Tukaharisha, tukapanda kilimani, na kilima kikaturudishia.

Siku moja akaja afisa misitu, Lindholm, kijana mrefu anayevua kofia kabla ya kusema jambo baya. Aliivua akiwa bado mbali. Mtu aliyepita kwa miguu alikuwa amelalamika kuwa chemchemi inanuka, na ofisi ikapeleka maji yakapimwe.

"Mama Aili, yamejaa vijidudu vya kinyesi," akasema. "Cha binadamu."

Aili alikuwa ameshika kikombe cha bati. Aliangalia ndani yake, kisha akakiweka chini taratibu.

"Watu wa chini ya daraja," akasema.

"Sijui ni nani. Ninachojua ni kwamba wakubwa wangu wamechoka na barabara hii. Godoro, nepi, sasa hili. Wanataka kuweka mawe kule njia panda, mawe makubwa, gari lisipite tena. Nimewaomba wasubiri. Kama aliyechafua atajulikana na uchafu ukakoma, nitaitetea barabara. Kama sivyo, majani hayataanguka yote kabla ya mawe kufika."

Kutoka njia panda hadi kijitoni ni mwendo wa kumtoa mtu jasho, mchanga mtupu na vilima, na magoti ya Aili yalikuwa yakilia kama bawaba hata kwenye ngazi za chumba chake. Lindholm alipoondoka, Aili alichukua fimbo yake yenye msumari akaanza kuzunguka vichakani, akichoma karatasi moja baada ya nyingine, akitukana kwa Kifini, lugha ya wazazi wake ambayo huitumia kwa matusi na sala tu. Nilimwonea huruma. Nilijua anawaza lile dirisha.

Wakati huo kulikuwa na vijana wawili wameegesha kijitoni, juu kidogo ya kona, mke na mume, Kendra na Tobias. Walikuwa na gari jeupe refu lenye kitanda ndani na vyungu vya maua nyuma ya kioo. Walivuka daraja kuja, kwa hiyo kesi yao ilikuwa imeshaamuliwa. Tena walikuwa na jambo la kuchekesha: hawakuchimba shimo. Walikuwa na ndoo yenye kifuniko cha kukaza na mfuko wa unga wa mbao, wanajisaidia humo, wananyunyiza, wanafunika, wanairudisha garini. Arvid alipojua hilo alicheka mpaka akakohoa.

"Wanasafiri na mavi yao kama mahari," aliwaambia wenzake, na tangu hapo ndoo ile ikaitwa mahari.

Asubuhi iliyofuata Aili alikwenda kwao. Mimi na Arvid tukamfuata nyuma, yeye kwa kutaka burudani, mimi kwa kuogopa. Kendra alikuwa akikoroga uji.

"Habari za asubuhi, mama," akasema.

"Habari utapewa na mimi. Mnajisaidia wapi?"

Tobias akacheka, akidhani ni utani. "Kwenye ndoo, mama. Ile pale chini ya kiti."

"Na ikijaa?"

"Tunaipeleka mjini, kwenye kituo kinachopokea vyoo vya magari."

"Hivi mnataka niamini mtu mwenye msitu mzima analala na mavi yake kwenye gari?"

"Yana kifuniko," Kendra akasema. "Ya wengine hapa hayana. Tumeona."

"Mmeona nini? Mimi nimeokota uchafu wenu hapa kabla hamjazaliwa. Mnakuja, mnachafua, mnapiga picha, mnakwenda zenu, na sisi tunabaki tunakunywa."

Kendra aliacha mwiko. Hakuinua sauti. "Mama, nifungue uone? Ya wiki nzima yamo."

Nilirudi nyuma hatua kadhaa. Arvid akasema nyuma yangu, "Mwache afungue, tuione mahari."

Hakufungua. Alimwaga uji, akafunga milango, akakunja turubai. Walifungasha wakiwa wamekunja nyuso. Kabla ya kupanda garini Kendra aliinama akaokota karatasi iliyokuwa chini, ambayo kila mtu aliona haikuwa yao kwa sababu ilikuwa imeoza tayari, akaitia kwenye mfuko wao wa taka. Wakaondoka bila kutupungia mkono. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini nilikuwa na tumbo linalokata, na mwenye tumbo linalokata anataka mkosaji.

Simu haikamati kijitoni. Aili aliendesha gari hadi kwenye kilima cha mnara wa simu, akampigia Lindholm, akamtajia namba ya gari lile.

"Nimewapata," akasema. "Ndoo yao nimeiona kwa macho yangu."

Lindholm akamwuliza kama ana hakika, naye akasema ana hakika kama anavyojua jina la baba yake. Lindholm akasema basi, watatafutwa, watatozwa faini na kupigwa marufuku misitu yote ya jimbo, na barabara itabaki wazi. Aili aliporudi alikuwa amepungua miaka. Alitengeneza mikate ile ya kwetu ya kukunjwa, yenye nyama na viazi, akatugawia, akanijazia kikombe.

"Kunywa sasa," akasema. "Wachafu wamekwenda."

Nikanywa, Mungu anisamehe. Kilikuwa kikombe kibaya kuliko vyote.

Baadaye ikaja mvua, siku baada ya siku, ya kuchosha. Kijito kikawa rangi ya chai. Ilipokatika ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi bila sauna kwetu si Jumamosi. Arvid alisimamisha hema lake, akawasha jiko, mawe yaliyopangwa juu yake yakawa ya moto wa kuogofya. Kwa kawaida tunachota maji ya kijito kumwagia mawe, lakini kijito kilikuwa tope tupu.

"Tumieni ya baba," Aili akasema. "Leo tunasherehekea."

Wanawake huingia kwanza. Tuliketi kwenye benchi, mimi na yeye, uchi kama tulivyozaliwa na wazee kama tulivyo, ndoo ya maji ya chemchemi kati yetu. Aili alichota kata ya kwanza akamwagia mawe. Mvuke ukapanda, ukagonga turubai, ukatushukia usoni.

Akanusa. "Verna, umejamba?"

"Nilikuwa nataka kukuuliza wewe."

Akamwagia ya pili. Hapo hakukuwa na la kuuliza. Ilikuja harufu nzito, tamu, yenye joto, ikaingia puani na mdomoni, ikatulia kwenye ulimi. Ilikuwa mavi, si kitu kingine, mavi yaliyochemshwa, na yalikuwa hewani na hewa tulikuwa tumeshaivuta. Nikajitazama mikono. Ilikuwa inameremeta kwa unyevu, na nikaelewa ule unyevu ni nini. Umetushika nywele, umetushika kope. Nilifungua kinywa nipige kelele nikakifunga haraka, maana kukifungua ni kula.

Tulitoka mbio. Arvid na wenzake waligeuza nyuso kwa heshima. Nilijitupa kwenye kijito chenye tope na tope lile likawa baraka. Nilijisugua kwa mchanga mpaka ngozi ikawaka, nikasukutua, nikatapika, nikasukutua tena. Nilipoinua kichwa nilimwona Aili amekwisha kutoka majini. Amejifunga taulo, nywele zinadondoka, na mkononi ana koleo.

Alikwenda kwenye bomba la baba yake. Alinusa. Akaanza kuchimba nyuma yake, kuelekea juu, na kila koleo lilileta mchanga mweusi zaidi, laini, unaoteleza, wenye vipande vya karatasi ndani. Harufu ilikuwa ya kumwangusha ng'ombe. Hakuziba pua. Alichimba mfereji akipanda kilima, akikanyaga ule weusi kwa miguu mitupu, mpaka koleo likagonga mbao. Akainua macho. Lilikuwa limegonga mguu wa kiti cha mama yao.

"Arvid," akaita.

"Dada, vaa nguo kwanza."

"Njoo hapa."

Akaja na chupa yake ya bia, akasimama mbali kidogo. Alitazama mfereji, akatazama bomba chini, na nilimwona akiipima kwa macho ile njia fupi.

"Ni mvua hii," akasema. "Nani alijua itanyesha hivi?"

"Umechimba choo juu ya maji ya baba."

"Nimechimba kwenye mchanga. Mchanga unachuja. Baba mwenyewe alisema, mchanga unachuja kila kitu."

"Baba alikuwa akienda ng'ambo, Arvid. Hata kwenye theluji. Alikuwa akivuka."

"Kwani nilikuwa nakaa peke yangu? Wewe ulikuwa hapa kila asubuhi. Unashuka, unasifu mandhari, unaosha mikono, unachota. Ulisema hiki ndicho kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchimba. Hayo mavi yana jina langu tu?"

Aili aliinama. Alikuwa akitazama kupitia tundu la kiti. Sijui alikuwa akitafuta nini mle, na mimi sikusogea kutazama.

Arvid akashusha sauti, akasogea, akavumilia ile harufu kwa ajili ya alichotaka kusema. "Sikiliza, dada. Nafukia sasa hivi. Kiti nakirudisha upande wa barabara, mvua mbili tatu zitaosha hapa, mwakani maji ni yaleyale. Lindholm ana watu wake tayari. Wale watoto wana gari, wataenda msitu mwingine, jimbo jingine. Wewe utakwenda wapi? Una dirisha linalotazama ukuta."

Nakiri nilitaka akubali. Maneno yalikuwa machafu lakini yalikuwa ya kweli, na mimi pia nilipapenda pale.

"Nimemwambia yule msichana mchafu," Aili akasema, "na kwenye kikombe changu kulikuwa na mavi yangu mwenyewe. Nimeyanywa na kahawa. Nimempa Verna, nikamsimamia mpaka amalize."

"Hakuna anayejua."

"Mimi nimeyanusa, Arvid. Nikikaa hapa nitayanusa mpaka nife."

Asubuhi, kabla wanaume hawajaamka, aliniomba nimpeleke kwenye kilima cha mnara. Hakutaka kuendesha. Alikuwa amejisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka shingo ikawa nyekundu, na bado kila mara alinusa kiganja chake. Alimpigia Lindholm nyumbani.

"Ni sisi," akasema. "Kiti ni cha mama yangu, shimo ni la ndugu yangu, na mimi nilikikalia. Wale vijana waache."

Lindholm alimkaripia mbwa aliyekuwa akibweka nyumbani kwake. Kisha akasema, "Mama Aili, nikiandika hivyo barabara inafungwa. Waliniambia wazi. Wenyeji wakiwa ndio wachafuzi, mimi sina tena la kutetea."

"Andika."

Alikata simu akakaa akitazama misonobari kupitia kioo cha mbele. Nilimwuliza kama anataka turudi. Akasema anataka kwanza kujua namba ya yule msichana, na Lindholm, alipopigiwa tena, akaahidi kumpitishia ujumbe. Kendra alimpigia wiki iliyofuata. Aili alimwomba radhi, akiwa amesimama wima kama mtoto mbele ya mwalimu. Kendra hakumsamehe kwa maneno matamu. Alisema tu, "Sawa, mama, nimesikia." Kisha Aili akamwuliza ile ndoo yenye kifuniko inauzwa wapi.

Mawe yaliletwa kabla ya msimu wa kulungu, makubwa kama majokofu, yakapangwa njia panda. Chooni kwa Arvid pakafukiwa kwa chokaa, bomba likang'olewa. Arvid siku hizi hupiga kambi kwenye ile rasmi, analipia kila usiku, anatumia choo cha saruji chenye nzi na kusema ndicho alichotaka dada yake. Kiti kipo gereji kwake. Mpaka leo hawazungumzi, na Krismasi walipeana migongo mezani kwa binamu yao.

Aili alikaa na dirisha lake majira yote ya theluji. Nilikuwa nikienda kumwona, namkuta ameketi na koti, kama mtu anayesubiri kuitwa. Nilidhani amekwisha. Ilipofika Juni akanipigia simu akaniomba nimfikishe njia panda.

Alishuka na begi mgongoni, hema dogo juu yake, fimbo yenye msumari mkono mmoja na ndoo yenye kifuniko mkono wa pili. Alitafuta nafasi kati ya mawe, akapita kwa ubavu, akaanza kupanda mchanga. Alisimama mara nyingi. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona, nikiwa na hakika nitamkuta amelala njiani.

Nilirudi siku tuliyokubaliana. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, amechomwa na jua, ameumwa na usubi mpaka masikio yamevimba, magoti amefunga vitambaa. Hakunywa maji ya kule, alibeba ya mjini, yale yenye ladha ya bwawa la kuogelea. Mfuko wa taka za watu wengine aliufunga juu ya gari langu. Ndoo alikataa kuiweka nyuma, alisema barabara ni mbovu, itapinduka. Akaketi mbele, karibu yangu, akaiweka mapajani, akaikumbatia kwa mikono miwili.

Niliitazama ile ndoo. Nilijua kilichomo, na kilikuwa cha siku kadhaa, na jua lilikuwa kali. Nikashusha kioo cha dirisha langu mpaka chini.

"Funga, Verna," akasema. "Vumbi linaingia."

Nikafunga.